Wasomaji Wauliza: Bulozi, Nchi Inayohama na Maji

Tangu tuchapishe makala fupi kuhusu mto Zambezi, barua nyingi zimeulizia mahali pamoja: Bulozi, uwanda wa magharibi mwa Zambia ambako Walozi huhama kila mwaka maji yanapopanda. Hapa tumejibu zile zilizogusa mambo ambayo wengi wangependa kuyajua. Barua zenyewe tumezifupisha.

Ndugu Mhariri, mliandika kwamba mafuriko ya Bulozi hufika kilele mwezi wa Aprili. Ninavyojua, Aprili mvua za Zambia zinaishia. Maji hayo hutoka wapi? Na uwanda wenyewe una ukubwa gani?
*Msomaji, Songea*

Swali lako ndilo mlango wa mengine yote. Mvua ya Mongu, makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, huanza Oktoba au Novemba na kukoma Aprili, lakini si mvua hiyo inayoujaza uwanda. Maji ya mafuriko ni mgeni atokaye mbali. Zambezi huchimbuka kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Zambia, karibu na mpaka wa Kongo, huingia Angola, kisha hurudi Zambia pale Chavuma. Chini zaidi hupokea mito miwili mikubwa karibu mahali pamoja: Kabompo kutoka mashariki na Lungwebungu kutoka Angola. Hapo ndipo uwanda unapoanza. Huteremka kuelekea kusini kwa kilomita zipatazo 230, ukapita Lukulu na Mongu, ukaishia kusini ya mji wa Senanga.

Upana wake mahali pengi hupita kilomita 30, na kaskazini kidogo ya Mongu hufikia 50. Uwanda wenyewe una kilomita za mraba kama 5,500. Ukijumlisha mabonde ya mito inayouingia, hasa Luena upande wa mashariki na Luanginga upande wa magharibi, eneo linaloweza kufunikwa na maji hukaribia kilomita za mraba 10,750.

Sasa, kuchelewa kwa maji. Mvua nzito za Angola na za kule chanzoni hunyesha kati ya Desemba na Februari, na maji huhitaji wiki kadhaa kushuka. Yakishafika, yanakuta ardhi ambayo karibu haina mteremko. Mto ukivuka kingo zake haukimbii. Hutambaa kwenye majani, huingia kwanza katika mabwawa na mikondo ya zamani, huyajaza hayo, ndipo husogea. Na kule kusini kuna kizuizi. Zambezi inapoachana na mchanga wa Kalahari hukutana na mwamba mgumu wa basalti, ule unaofanya maporomoko ya Ngonye pale Sioma. Mwamba huo haulainiki upesi, hivyo juu yake mto umekuwa ukitandaza matope na mchanga badala ya kuchimba bonde lenye kina. Chukua beseni pana, ulitoboe tundu dogo upande mmoja, kisha ulimiminie ndoo kwa ndoo: ndivyo uwanda huu unavyofanya kazi.

Kwa hiyo mto huanza kufurika karibu na Januari, kilele hupita Lukulu mnamo Machi, hufika usawa wa Mongu mnamo Aprili, na maji hupungua polepole kuanzia Mei hadi Julai. Anayeangalia mawingu ya Mongu ili akisie mafuriko ya Mongu hukosea. Mvua inaweza kukatika mapema mjini na mafuriko yakawa makubwa, au mji ukaloa msimu mzima na uwanda usifunikwe sawasawa.

Mhariri, naomba mnitoe wasiwasi. Kwetu “mlozi” ni mchawi, mtu anayeloga. Je, jina la kabila hili lina uhusiano na uchawi?
*Msomaji, Tanga*

Halina. Ni maneno mawili yaliyofanana kwa sura tu. Jina Lozi (katika maandishi ya zamani Rotse, ndipo likatoka “Barotse”) lilienea wakati wa utawala wa Wakololo, na hufasiriwa kuwa “uwanda”. Kabla ya hapo wenyeji walijiita Waluyi, au Waluyana, na lugha yao ilikuwa Siluyana.

Ukitaka kusoma majina ya huko bila kupotea, kumbuka viambishi: Malozi ni watu, Silozi ni lugha, Bulozi ni nchi. Ni sawasawa na wa-, ki- na u- za Kiswahili. Cheo cha mfalme ni Litunga, maana yake mwenye ardhi au mlinzi wa ardhi. Waziri wake mkuu ni Ngambela, na baraza huitwa Kuta.

Ndugu Mhariri, mimi nimesomea kilimo. Kama nchi inafunikwa na maji miezi mitatu au minne kila mwaka, kwa nini watu wasihamie kabisa ng'ambo kavu na kulima huko kwa utulivu?
*Msomaji, Morogoro*

Kwa sababu ng'ambo kavu ni mchanga. Pande zote mbili za uwanda kuna mchanga wa Kalahari, mwingi na mzuri kwa misitu, lakini ni maskini wa rutuba na haushiki maji. Mtu akikata msitu, akachoma na kupanda, hupata mavuno ya kuridhisha miaka michache ya mwanzo. Baada ya hapo mchanga huchoka na inabidi asogee. Shamba la namna hii huitwa litema, na zao lake la uhakika ni muhogo, pamoja na uwele. Mlozi anayeishi kwa litema peke yake ana maisha magumu.

Uwanda, kwa upande mwingine, unapata tope jipya kila mwaka bila mtu kununua mbolea. Tatizo ni kwamba hakuna kipande kimoja kinachofaa mwaka mzima. Ndiyo maana familia yenye busara haitegemei shamba moja. Hugawa kazi yake katika maeneo yenye ngazi tofauti za maji, na kila eneo lina jina lake na kalenda yake.

Juu kabisa ndani ya uwanda kuna lizulu (wingi mazulu), yaani kichuguu au mwinuko unaobaki mkavu mafuriko yakiwa ya kawaida. Vijiji vya uwandani hujengwa juu ya miinuko hii, na pembeni yake hulimwa. Ardhi yake ni nzuri, hasa palipolala ng'ombe, kwa kuwa samadi hujikusanya. Tabu yake ni udogo: kichuguu hakipanuki, watoto wanaongezeka, na mashamba hugawanywa mpaka yanakuwa vipande vya kulisha watu wachache tu. Migogoro mingi ya urithi wa ardhi Bulozi ni migogoro ya mazulu.

Chini yake kuna sitapa, shamba la bondeni kandokando ya mabwawa. Hili hungoja maji yaondoke. Mkulima hupanda mahindi katika unyevu uliobakia, mvua za mwanzo humkuta mmea ukiwa umesimama, na lazima avune kabla mafuriko mapya hayajafika. Hapa hesabu ni ya wiki. Akichelewa kupanda kwa sababu maji yamechelewa kutoka, na mwaka huohuo mafuriko yakawahi, mahindi huzama yakiwa mabichi. Wala si wingi wa maji unaomtia hasara. Ni tarehe zake. Mafuriko makubwa yanayokuja kwa wakati humdhuru kidogo kuliko mafuriko ya wastani yaliyowahi.

Kwenye ukingo wa uwanda, chini ya kilima cha mchanga, kuna eneo la tatu ambalo mgeni hulipita bila kulitambua. Maji ya mvua hupenya mchanga wa juu na kuchuruzika chini ya kilima mwaka mzima, na kufanya kinamasi chenye udongo mweusi wa mboji. Ukichimba mfereji wa kuondoa maji ya ziada unapata lishango, shamba lenye rutuba linaloweza kulimwa hata kiangazi. Kazi yake haishi: mfereji usiposafishwa kila mwaka majani huuziba na shamba hurudi kuwa kinamasi. Na ukizidisha kuukausha, mboji husinyaa, hushuka, na huweza kushika moto ukawaka chini kwa chini. Kipimo ni kuacha unyevu ukae karibu na mizizi, si kuyafukuza maji yote. Juu ya ukingo, karibu na nyumba, kuna litongo, shamba la kutegemea mvua ambalo hurutubishwa kwa samadi.

Hapo sijataja ng'ombe na samaki. Wakati wa mafuriko ng'ombe huhamishiwa ng'ambo kavu, na maji yakitoka hurudishwa uwandani kwenye majani mateke. Kuwahamisha kuna saa yake. Ukichelewa, wanalazimika kuogelea umbali mrefu na ndama hufa. Ukiwahi mno, wanamaliza malisho haba ya ukingoni kabla msimu haujaisha. Tena miezi ile makundi mengi hubanana mahali padogo, na ugonjwa hupata njia. Mwaka 1915 homa ya mapafu ya ng'ombe iliteketeza sehemu kubwa ya mifugo ya Bulozi, pigo lililokumbukwa kwa vizazi.

Samaki nao hufuata maji. Mto ukifurika, perege na wengine hutoka mkondoni kwenda kuzaa kwenye majani yaliyozama, ambako chakula ni tele na maadui ni wachache. Maji yakirudi, samaki hurudi nayo kupitia vijito vyembamba, na hapo ndipo hutegwa: kijito huzibwa kwa tuta la udongo lenye matundu, na katika kila tundu huwekwa mgono wa matete. Wanawake huvua kwa makapu katika mabwawa yanayokauka. Serikali ya Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae. Kinachoharibu uvuvi huu zaidi ni nyavu za matundu madogo, hata vyandarua vya mbu, kukokotwa kwenye maji ya kina kifupi: zinachukua vifaranga ambavyo vingekuwa mavuno ya mwaka unaofuata.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kuhama ndicho kilimo chenyewe. Anayekaa mahali pamoja Bulozi ndiye anayepata hasara.

Mhariri, nimekaa Lesotho miaka kadhaa. Nilipofika Mongu nilishangaa: nilielewa mazungumzo ya sokoni! Lesotho na Zambia ziko mbali sana. Imekuwaje?
*Msomaji, Arusha*

Masikio yako hayakukudanganya. Maji kwa Kisotho ni *metsi*, kwa Silozi *mezi*. Watu ni *batho* na *batu*. Mvua ni *pula* kotekote. Sababu ni vita.

Mfalme Mulambwa wa Walozi alipofariki karibu na mwaka 1830, wanawe Silumelume na Mubukwanu waligombea kiti na nchi ikagawanyika. Wakati huohuo kundi la wafugaji wa Kisotho, Wakololo, lilikuwa likisonga kaskazini kukimbia misukosuko ya kusini mwa Afrika, likiongozwa na Sebitwane. Walipita nchi ambayo leo ni Botswana, wakavuka Zambezi, na kufikia karibu mwaka 1840 walikuwa wameukamata uwanda. Walozi waliogawanyika hawakuweza kuwazuia. Baadhi ya wana wa kifalme walikimbilia kaskazini.

Wakololo walitawala chini ya robo karne. Sebitwane alifariki mwaka 1851, muda mfupi baada ya kukutana na Livingstone. Binti yake Mamochisane alishika utawala kidogo kisha akamwachia nduguye Sekeletu. Adui wao mkubwa hakuwa na mkuki: malaria iliwapukutisha watu hawa waliozoea nyanda za juu zenye baridi. Sekeletu alipofariki mwaka 1863 waligombana wao kwa wao, na mwaka 1864 Walozi waliinuka, wakawashinda, na Sipopa akarudisha kiti cha kale.

Sasa jambo ulilouliza. Wanaume wa Kikololo waliuawa kwa wingi, lakini wanawake na watoto walibaki na kuingia katika nyumba za Walozi. Lugha ya watawala ilikuwa tayari imeshakuwa lugha ya kuunganisha makabila mengi ya nchi ile, na mama waliobaki waliendelea kulea kwa lugha hiyo. Watawala wakaondoka, lugha yao ikakaa. Silozi ya leo ina mifupa ya Kisotho na nyama nyingi ya Siluyana. Siluyana yenyewe haikufa. Husikika katika nyimbo na sifa za kifalme.

Je, ni kweli kwamba watu wa pwani yetu waliwahi kufika huko?
*Msomaji, Unguja*

Ni kweli. Katika miaka ya 1850 Livingstone alikutana katika nchi ya Wakololo na mfanyabiashara wa Unguja, Said bin Habib, ambaye alilivuka bara mpaka upande wa bahari ya Angola. Kutoka magharibi walikuja wafanyabiashara wa Angola walioitwa Mambari. Pembe za ndovu zilikuwa bidhaa kubwa, na watumwa pia, jambo ambalo hatupaswi kulifunika. Mwaka 1906 Mfalme Lewanika alitangaza kuwaachia huru watumwa wa nchi yake.

Ndugu Mhariri, sisi wanne tunataka kwenda kuona Kuomboka. Tufike lini, tutegemee kuona nini, na tujihadhari na nini?
*Msomaji, Mbeya*

Kuomboka ni “kutoka majini”. Ukitaka kulikumbuka neno, lifikirie kama jirani wa *kuopoka*. Ni siku Litunga anapohama kutoka Lealui, makao yake ya uwandani yaliyo kilomita zipatazo 15 magharibi ya Mongu, kwenda Limulunga, ikulu ya nchi kavu kaskazini ya Mongu. Limulunga ilijengwa zama za Yeta III, aliyetawala 1916 hadi 1945.

Kosa la kwanza la wageni ni kulipia safari kwa tarehe maalumu miezi mingi mbele. Tarehe haichapwi kwenye kalenda. Litunga na wazee wake huangalia kimo cha maji, kisha hutangaza, mara nyingi wiki chache tu kabla. Kwa kawaida huwa mwishoni mwa Machi au Aprili. Acheni nafasi katika ratiba yenu, na mkumbuke kwamba maji yasipotosha hakuna sherehe. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe hupigwa ngoma kuu za kifalme, maoma, kuwaita wapiga makasia. Asubuhi mitumbwi myeupe ya doria hutangulia. Kazi yake ni kupima kina na, kwa desturi, kuangalia maadui. Nyuma yake huja Nalikwanda, merikebu ya mfalme yenye milia myeusi na myeupe, ikisukumwa na wapiga makasia wapatao mia. Juu ya paa lake amesimama tembo mkubwa wa kutengenezwa, na watu walio ndani huyachezesha masikio yake. Tazameni moshi: ndani ya Nalikwanda kuna moto, na moshi wake huwaambia watu walio mbali kwamba mfalme yu hai na yu salama. Mkewe ana chombo chake, chenye ndege mkubwa anayepiga mabawa. Safari huchukua saa 6 hadi 8, kwa sababu haifuati mstari ulionyooka. Hufuata mifereji na maji yenye kina.

Litunga huondoka akiwa na mavazi ya kimila na hushuka Limulunga jioni akiwa katika sare ya kiofisa ya Kiingereza, yenye nyuzi za dhahabu. Asili yake ni mwaka 1902, Lewanika alipokwenda London kwenye kutawazwa kwa Edward VII. Mtawaona wanaume wamevaa siziba na wanawake misisi, mavazi ya jadi ya Walozi. Anapopita Litunga, watu hupiga magoti, huinua mikono na kutamka “Yo sho!” Salamu hii huitwa kushowelela. Mgeni halazimiki kuijua, ila asibaki amesimama akipiga picha wakati wote waliomzunguka wamepiga magoti.

Kutoka Lusaka hadi Mongu ni kama kilomita 600 za lami, na njia hukatiza Hifadhi ya Kafue, hivyo pangeni kuipita mchana kwa ajili ya wanyama. Nyumba za kulala Mongu hujaa mara tarehe inapotangazwa. Anayechelewa hulala kwenye hema au garini. Chagueni mapema mtakapokaa siku ya sherehe. Hamwezi kuona kuondoka na kufika pia, isipokuwa mkiwa na boti ya injini. Wenye muda mfupi huona vizuri zaidi Limulunga, ila wafike adhuhuri. Kuanzia saa nane ukingo hujaa watu. Mkikodi boti kwenda Lealui, hesabuni maboya ya kujiokolea kabla ya kulipa, chukueni kofia na maji ya kunywa, maana juani juu ya maji hakuna kivuli. Dawa za kuzuia malaria msiziache. Aprili ni mwezi wa mbu. Siku inayofuata tembeleeni Makumbusho ya Nayuma pale Limulunga.

Kuna Kuomboka ya pili ambayo haina umati. Kusini, Nalolo, kuna ikulu ya malkia, Litunga la Mboela, ambaye naye huhama kwenda Muoyo. Na kurudi uwandani, kati ya Julai na Agosti, huitwa Kufuluhela.

Mhariri, kwenye habari nasikia “Mkataba wa Barotseland”. Ni mkataba gani, na kwa nini bado unazungumzwa?
*Msomaji, Nairobi*

Tuanze nyuma kidogo. Lewanika, ambaye awali aliitwa Lubosi, alishika kiti mwaka 1878, akapinduliwa 1884 na kurudi 1885. Alizungukwa na vitisho: Wandebele upande wa kusini, Wareno upande wa magharibi, na wapinzani wa nyumbani. Akatafuta ulinzi wa Malkia wa Uingereza. Mwaka 1890 alitia sahihi mapatano na Lochner, akidhani anazungumza na mjumbe wa Malkia, kumbe Lochner aliwakilisha kampuni ya Cecil Rhodes. Lewanika alilalamika alipogundua, na mapatano mengine yakafuata, lakini kampuni ilikuwa imeshaingia. Mwaka 1905 mfalme wa Italia, aliyeombwa kuamua mpaka kati ya Bulozi na Angola ya Wareno, alitumia mistari ya longitudo kwa sehemu kubwa, ndiyo maana mpaka huo umenyooka kama uliochorwa kwa rula, na Lewanika akapoteza nchi aliyoihesabu kuwa yake. Mwaka 1911 eneo lake liliunganishwa katika Rhodesia ya Kaskazini, ingawa lilibaki na hadhi ya pekee.

Uhuru ulipokaribia, tarehe 18 Mei 1964, Kenneth Kaunda na Litunga Mwanawina III walitia sahihi huko London mkataba uliosema Barotseland itakuwa sehemu ya Zambia moja, huku Litunga akibaki na mamlaka yake juu ya ardhi na mambo ya kimila. Zambia ikapata uhuru Oktoba 24 mwaka huo. Mwaka 1969 katiba ilirekebishwa, mkataba ukafutwa, na jina la mkoa likabadilishwa kuwa Mkoa wa Magharibi. Wapo wanaotaka mkataba uheshimiwe ndani ya Zambia, na wapo wanaosema kwa kuwa ulifutwa, muungano wenyewe hauna msingi. Hayo ni madai mawili tofauti, na habari nyingi huyachanganya. Ukisoma taarifa yoyote, kwanza angalia anayezungumza ni wa upande gani.

Barabara ya Mongu hadi Kalabo imepitaje juu ya maji?
*Msomaji, Lubumbashi*

Kwa tuta refu na madaraja zaidi ya 20. Kabla ya kukamilika mwaka 2016, Kalabo ilifikiwa kwa boti wakati wa mafuriko na kwa magari ya kupambana na mchanga wakati wa kiangazi. Ugumu wa barabara ya namna hii si kuinua tuta. Ni kuacha nafasi za kutosha maji yapite chini. Tuta likikata uwanda bila matundu ya kutosha hugeuka bwawa: maji hupanda upande wa juu, hukimbia kwa nguvu kwenye uwazi mchache uliopo, na huchimba udongo wa chini ya daraja. Kwa hiyo madaraja mengi yamewekwa mahali ambapo kiangazi utaona majani makavu tu ukajiuliza daraja linavuka nini. Rudi Aprili utaona.

Ukishafika Kalabo, Hifadhi ya Liuwa iko mbele yako, yenye uhamaji mkubwa wa nyumbu. Ilikuwa mawindo ya kifalme tangu zama za Lewanika na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1972.

Kama mafuriko ni neema kiasi hicho, ukame unapokuja watu hufanyaje? Na mtu aliye mbali atajuaje mwaka utakuwa wa namna gani?
*Msomaji, Kigoma*

Mwaka wa mafuriko haba hauonekani mbaya siku za kwanza. Nyumba hazizami na hakuna anayehama kwa haraka. Hasara hujitokeza baadaye: samaki wamekosa majani ya kuzalia, mashamba ya sitapa hayakupata tope wala unyevu, malisho ya Agosti ni mafupi, na mifereji yenye maji kidogo haipitishi mitumbwi, hivyo mizigo ya vijijini hukwama. Familia zenye litema la muhogo ng'ambo kavu ndizo hupumua, na hapo unaona kwa nini shamba lile maskini halitupwi.

Kuhusu kujua mapema, fuatilia vipimo vya mto, si utabiri wa mvua peke yake. Mamlaka ya Mto Zambezi, chombo cha pamoja cha Zambia na Zimbabwe, hutangaza vipimo vya vituo kadhaa, Chavuma, Lukulu na Senanga vikiwemo. Visome kwa mpangilio wa mto. Chavuma ikipanda kwa kasi Januari na Februari, uwanda utapata maji wiki kadhaa baadaye. Lukulu ikipanda wakati Chavuma imetulia, maji hayo yameletwa na Kabompo na Lungwebungu. Senanga ikiendelea kupanda baada ya Lukulu kuanza kushuka, usishtuke: beseni linajimimina. Na linganisha kila kipimo na tarehe hiyohiyo ya mwaka uliopita, maana kimo kilekile kikionekana Januari ni habari moja, na kikionekana Aprili ni habari nyingine.